Saa Mbili za Kumjadili Mkuu wa EPA

Oktoba 7, 2025, Seneti ya Marekani iliwaidhinisha wateule 107 wa Rais Donald Trump kwa kura moja. Waliosema ndiyo walikuwa 51, waliosema hapana 47, na shughuli ikaisha. Takriban wiki tatu kabla ya hapo, Septemba 18, walikuwa wamepita 48 kwa mtindo huohuo, na kabla ya Krismasi wakapita wengine 97. Utaratibu wa zamani, ambao kila jina lilisimama peke yake mbele ya maseneta, uliwekwa kando kwa tafsiri mpya ya kanuni iliyosukumwa na kiongozi wa walio wengi, Seneta John Thune wa South Dakota.

Wengi walioifuatilia habari hii kutoka huku kwetu waliichukulia kuwa ni suala la maofisa wa chini: mabalozi, makatibu wasaidizi, wajumbe wa bodi ambao hata Wamarekani wenyewe hawawajui kwa majina. Mawaziri na majaji hawamo, tuliambiwa, kwa hiyo vyeo vinavyogusa maisha ya watu bado vinapigwa msasa kimoja kimoja. Hapo ndipo nadhani tumekosea. Kwa jinsi mpaka wa kanuni hiyo ulivyochorwa, mkuu wa EPA, shirika la kulinda mazingira la Marekani, yuko upande wa wanaoweza kupitishwa kwa mkupuo. Tena tatizo ni kubwa kuliko orodha ya majina. Katika zaidi ya miaka 50 ya EPA, kura ya mwisho ya Seneti haijamwangusha mteule hata mmoja wa kuliongoza. Kilichomlinda raia wa kawaida ni ule muda uliotangulia kura: wiki na miezi ambayo maseneta waliitumia kudai nyaraka, kuuliza maswali na kukataa kusogea mpaka wapate jibu. Anayeukata muda huo anaikata Seneti mkono, hata kama kura yenyewe inabaki palepale.

Ili hili lieleweke inabidi kurudi nyuma kidogo. Katiba ya Marekani, Ibara ya 2, inampa Rais haki ya kuteua viongozi wa juu kwa ushauri na idhini ya Seneti. EPA lilianza kazi Desemba 2, 1970, kwa mpango wa Rais Richard Nixon wa kuzipanga upya idara za serikali, na mkuu wake wa kwanza alikuwa William Ruckelshaus. Halikuanzishwa kama wizara, na mpaka leo si wizara. Marais wengi wamemkaribisha mkuu wake kwenye meza ya baraza la mawaziri, lakini kwenye sheria inayopanga mishahara ya viongozi wa serikali kuu mawaziri wako daraja la kwanza, na mkuu wa EPA yuko daraja la pili. Kwa miongo mingi tofauti hiyo ilikuwa ya mshahara tu. Hakuna aliyedhani kwamba siku moja ingeamua ni kwa muda gani Seneti inaruhusiwa kumjadili mtu huyo.

Njia ya mteule, kwa kifupi, ni hii. Rais analipeleka jina Seneti. Mteule anajaza fomu za mali na maslahi yake, ofisi ya maadili inazipitia. Kamati ya Mazingira na Kazi za Umma inamsaili hadharani, kisha wajumbe wanampelekea maswali ya maandishi, kisha kamati inapiga kura. Jina likitoka huko linaingia kwenye orodha ya shughuli za Seneti nzima. Kama maseneta wote wanaridhia, anapita kwa dakika chache. Asiporidhia hata mmoja, lazima ipigwe kura ya kufunga mjadala, zihesabiwe saa za mjadala wa mwisho, halafu ndipo kura ya kumwidhinisha. Yale yanayoitwa mazuio, ambayo magazeti huyaandika kana kwamba seneta mmoja ana kura ya turufu, hayana uzito mwingine zaidi ya huu: seneta anatangaza kwamba hatakubali njia ya mkato. Silaha yake ni saa. Saa zikiwa nyingi, uongozi wa Seneti unalazimika kumsikiliza. Zikiwa chache, anapuuzwa.

Zamani saa zilikuwa nyingi. Hadi Novemba 2013 kufunga mjadala wa mteule kulihitaji kura 60 kati ya 100, na baada ya hapo mjadala uliweza kuendelea hadi saa 30. Novemba 21, 2013, Wademokrati chini ya Harry Reid waliibadili tafsiri ya kanuni kwa kura 52 dhidi ya 48, na tangu siku hiyo wingi wa kawaida unatosha. Aprili 3, 2019, Warepublican chini ya Mitch McConnell wakazipunguza saa 30 kuwa 2 kwa vyeo vilivyo chini ya daraja la kwanza. Mkuu wa EPA akaangukia humo. Na sasa, kwa mabadiliko ya 2025, vyeo vilivyo nje ya daraja la kwanza vinaweza kufungwa kwenye furushi moja na kupigiwa kura moja. Kwamba mpaka ni daraja hilo tulithibitishiwa mapema Desemba 2025, Seneta Michael Bennet wa Colorado alipopinga furushi lililokuwa tayari kwa sababu lilikuwa na jina la mteule wa kuongoza ofisi ya sera za dawa za kulevya, cheo ambacho kiko daraja la kwanza. Warepublican wakalazimika kuandika orodha upya. Jambo hilo lilipita kama kichekesho cha taratibu. Mimi lilinishtua. Mkuu wa ofisi ya dawa za kulevya analindwa na daraja lake, na mtu anayeamua ni madini ya risasi kiasi gani yaruhusiwe kwenye maji ya kunywa ya Wamarekani zaidi ya milioni 300 halindwi.

Sasa tuangalie ule muda ulizaa nini ulipokuwepo. Mwaka 2003 Rais George W. Bush alimteua Mike Leavitt, gavana wa Utah. Mwezi Agosti mwaka huo mkaguzi mkuu wa EPA alikuwa ametoa ripoti kwamba Ikulu iliingilia taarifa ambazo shirika liliwapa wakazi wa New York kuhusu usalama wa hewa baada ya majengo ya World Trade Center kuanguka. Hillary Clinton, wakati huo seneta wa New York, aliweka zuio. Hakuwa na kura za kumwangusha Leavitt na alilijua hilo. Alichotaka ni kupimwa upya kwa nyumba za watu wa Manhattan ya chini na jopo la wataalamu la kupitia matokeo. Akaahidiwa, akaondoa zuio, na Oktoba 28, 2003 Leavitt akapita kwa kura 88 dhidi ya 8. Ukitazama hesabu ya kura peke yake utasema hapakuwa na ubishi wowote. Kumbe jopo lile, lililoanza vikao mwaka uliofuata, lilipatikana kwa sababu ya ubishi uliotangulia.

Mfano wa 2005 unaniuma zaidi, kwa sababu unahusu watoto wachanga. Stephen Johnson, mwanasayansi aliyekuwa kaimu mkuu wa EPA, aliteuliwa kuwa mkuu kamili. Shirika lilikuwa na mpango wa utafiti katika kaunti ya Duval, Florida: familia zenye watoto wadogo zingefuatiliwa kwa miaka miwili jinsi watoto wanavyokutana na dawa za kuua wadudu ndani ya nyumba zao wenyewe, na kila familia ingelipwa dola 970 na kupewa kamera ya video. Sehemu ya fedha, dola milioni 2, ilitoka kwa umoja wa makampuni ya kemikali. Wapinzani waliona wazi kwamba malipo ya namna hiyo yangeweza kumshawishi mzazi maskini aendelee kupulizia dawa nyumbani ili abaki kwenye utafiti. Maseneta Barbara Boxer na Bill Nelson walimwambia Johnson waziwazi kwamba jina lake halitasogea mpaka mpango ule ufutwe. Usaili ulikuwa Aprili 6. Aprili 8 akaufuta. Tom Carper wa Delaware naye alikuwa na zuio lake, akitaka EPA litoe uchambuzi wa miswada ya kupunguza uchafuzi wa mitambo ya umeme. Yeye alishindwa: Aprili 29 mjadala ulifungwa kwa kura 61 dhidi ya 37, na Johnson akaidhinishwa. Kwa hiyo zuio moja lilizaa matunda na jingine halikuzaa, na mteule alipata kazi yake. Hivyo ndivyo idhini inavyopaswa kufanya kazi.

Tena silaha hii haikuwa ya upande mmoja, na ni lazima niseme hivyo kwa sababu baadhi ya wanaotetea utaratibu wa zamani huusimulia kana kwamba ulikuwa ngome ya wanamazingira. Gina McCarthy aliteuliwa na Rais Barack Obama Machi 4, 2013. Warepublican wa kamati, wakiongozwa na David Vitter wa Louisiana, walimpelekea maswali zaidi ya 1,000. Mei 9 wakakisusia kikao cha kupiga kura, na kwa kuwa kanuni za kamati zilitaka angalau wajumbe wawili wa upande wa wachache wawepo, kura ikashindikana siku hiyo. Wiki moja baadaye akapita kwa kura 10 dhidi ya 8. Roy Blunt wa Missouri alikuwa na zuio lake kuhusu mradi wa kuzuia mafuriko ya Mto Mississippi huko New Madrid, jambo la jimbo lake kabisa. McCarthy aliidhinishwa Julai 18 kwa kura 59 dhidi ya 40, siku 136 baada ya kuteuliwa. Maswali 1,000 si uchunguzi, ni kumchosha mtu, na yeyote anayenisomea hapa akidhani naililia Seneti ya namna hiyo amenielewa vibaya. Lakini hata katika mvutano ule uliokera, Vitter aliondoka na ahadi za EPA kuhusu uwazi wa nyaraka na takwimu za utafiti, na uwazi ni kitu ambacho raia wa chama chochote ananufaika nacho.

Halafu akaja Scott Pruitt, na hapa nitakaa kidogo. Akiwa mwanasheria mkuu wa Oklahoma alikuwa ameishtaki EPA mara 14. Rais Trump alipomteua kuiongoza, Wademokrati walitaka kuona barua pepe za ofisi yake na makampuni ya mafuta na gesi. Shirika moja la kiraia lilikuwa limeziomba kwa sheria ya uwazi ya jimbo kwa miaka miwili bila mafanikio. Februari 1, 2017 Wademokrati waliususia mkutano wa kamati, kama Warepublican walivyofanya 2013 na kama Wademokrati wenyewe walivyofanya kwa Leavitt 2003. Safari hii mwenyekiti, John Barrasso wa Wyoming, hakungoja. Siku iliyofuata kamati ilisimamisha kanuni ya akidi na kupiga kura 11 kwa 0, viti vya upande wa pili vikiwa vitupu. Alhamisi, Februari 16, jaji wa Oklahoma aliamuru barua zile zitolewe kufikia Jumanne. Ijumaa, Februari 17, Seneti ikamwidhinisha Pruitt kwa kura 52 dhidi ya 46. Zaidi ya kurasa 7,000 zikatolewa wiki iliyofuata, zikionyesha ukaribu wa ofisi yake na sekta aliyokuwa anakwenda kuisimamia.

Siku nne. Hizo ndizo zilizotenganisha kura na ushahidi. Sidai kwamba barua zile zingegeuza matokeo; Mrepublican mmoja tu, Susan Collins wa Maine, alimpinga, na Wademokrati wawili walimuunga mkono. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na kwangu kinatosha: seneta anayetoa idhini ana wajibu wa kusoma kilicho mbele yake kwanza, na hapa nyaraka zilikuwa zimeshaamriwa zitolewe, tarehe inajulikana. Hakukuwa na dharura. Pruitt alijiuzulu Julai 2018 akiwa amezingirwa na uchunguzi wa matumizi na maadili, ukiwemo wa kibanda cha simu kisichopitisha sauti kilichogharimu takriban dola 43,000, ambacho wakaguzi wa serikali walisema kilinunuliwa kinyume cha sheria kwa kuwa Bunge halikuarifiwa.

Wanaounga mkono mabadiliko ya 2025 wana hoja, na baadhi ni nzito. Ya kwanza ni idadi. Vyeo vinavyohitaji idhini ya Seneti ni zaidi ya 1,200, na haiwezekani kila mmoja upewe kura ya kufunga mjadala, saa zake, na kura ya mwisho. Wiki za mwaka hazitoshi. Zamani wengi wa wateule hawa walipita kwa ridhaa ya wote. Mwaka 2025 Wademokrati waliikataa ridhaa hiyo takriban kwa kila jina, hata la watu ambao wenyewe hawakuwa na ubaya nao. Kuzuia kila kitu ni kutozuia chochote: zuio linapowekwa kwa majina yote linapoteza maana ya onyo juu ya jina moja. Hapo nakubaliana na Warepublican, na naona Wademokrati walichangia kuivunja silaha ambayo wangeihitaji kesho.

Hoja ya pili ni kwamba wazo lenyewe lilitoka kwa Wademokrati. Ni kweli kwamba Amy Klobuchar wa Minnesota alipendekeza jambo la kufanana na hili mwaka 2023. Lakini pendekezo lake lilikuwa na kikomo cha wateule 10 kwa mara moja, wote kutoka kamati moja. Ukiwa na wateule 10 wa kamati moja, wajumbe walewale waliowasaili wanaweza kusema huyu wa saba mtoeni, tuna shaka naye. Kwenye orodha ya 107 waliotoka kamati mbalimbali, seneta anayemtilia shaka mtu wa mazingira lazima apime pia balozi, mjumbe wa bodi ya reli na ofisa wa ulinzi, na kura yake ni moja kwa wote. Tofauti kati ya 10 na 107 imebadili kitu kinachopigiwa kura. Kwa 10 unapigia kura watu. Kwa 107 unapigia kura orodha.

Hoja ya tatu inasema usaili wa kamati haujaguswa: kila mteule bado anakaa kwenye kiti na kuulizwa. Hii ndiyo inayosikika vizuri zaidi, na kwa sehemu ni ya kweli. Ila swali la kamati lina uzito kwa sababu ya kinachoweza kutokea baada ya kamati. Johnson hakuufuta mpango wa Florida kwa kuwa aliulizwa vikali. Aliufuta kwa kuwa waliomuuliza waliweza kumchelewesha. Chukua usaili wa Lee Zeldin, mkuu wa sasa, Januari 16, 2025. Seneta Ed Markey wa Massachusetts alimuuliza kuhusu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2007, uliosema gesi zinazoongeza joto duniani ni uchafuzi wa hewa kwa maana ya sheria ya hewa safi. Zeldin akajibu kwamba uamuzi ule unaipa EPA ruhusa, hauilazimishi. Jibu hilo fupi lilikuwa dirisha. Lilionyesha mtu ambaye angeweza kuiacha ruhusa hiyo bila kuitumia, na lilistahili wiki kadhaa za kufuatiliwa: maoni ya wanasheria wa shirika, majibu ya maandishi, ahadi zilizoandikwa. Siku 13 baadaye, Januari 29, aliidhinishwa kwa kura 56 dhidi ya 42, Wademokrati watatu wakiwemo. Julai 29, miezi sita kamili tangu aidhinishwe, alitangaza pendekezo la kufuta tamko la mwaka 2009 linalotambua kwamba gesi hizo zinahatarisha afya ya binadamu, ambalo lilikuwa msingi wa kanuni za moshi wa magari nchini humo. Msomaji wa Marsabit au Garissa, aliyepoteza mifugo katika misimu mitano mfululizo iliyokosa mvua kuanzia mwisho wa 2020, hana kura Washington, lakini tamko lile linamhusu.

Hoja dhaifu kuliko zote, na ndiyo inayorudiwa zaidi, ni ile ya kusema uchaguzi umeshaamua: wananchi walimchagua Rais, basi apewe watu anaowataka. Kama hiyo ingekuwa maana ya uchaguzi, Katiba isingetaja idhini kabisa. Walioiandika waliutenganisha mkono unaoteua na mkono unaoridhia kwa makusudi, na maseneta nao wamechaguliwa, kila mmoja na jimbo lake, kwa miaka sita. Tena hoja hii inajipinga yenyewe, kwa sababu wanaoitumia leo ndio walioikataa 2013, miezi michache tu baada ya Obama kushinda muhula wa pili, na walioikataa 2025 ndio walioitumia wakati ule. Anayekubali kanuni akiwa na wingi na kuikataa akiwa hana, hajajenga hoja. Ametaja tu mahali alipoketi.

Kuna mlango wa nyuma ambao mjadala huu umeusahau. Pruitt alipoondoka, aliyeshika usukani ni naibu wake, Andrew Wheeler, aliyewahi kuwa mtetezi wa kampuni ya makaa ya mawe bungeni. Wheeler alikuwa ameidhinishwa kuwa naibu Aprili 2018 kwa kura 53 dhidi ya 45, akakaimu tangu Julai, na Februari 28, 2019 akaidhinishwa kuwa mkuu kwa kura 52 dhidi ya 47. Karibu miezi minane aliiongoza EPA kwa idhini aliyopewa akiwa naibu. Kwa hiyo swali la nani ataongoza shirika linaweza kujibiwa siku anapopitishwa naibu, na naibu ni cheo ambacho hakuna anayebisha kwamba kinaingia kwenye furushi. Tuseme yuko nafasi ya 63 kwenye orodha ya majina 90. Mkuu akijiuzulu, nchi inaongozwa katika masuala ya hewa na maji na mtu ambaye Seneti haikuwahi kulitaja jina lake kwenye kura.

Nimeandika haya yote nikiwa na jicho moja nyumbani. Kenya, ilipoandika Katiba ya 2010, iliazima mtindo huu wa Rais kuteua na Bunge kuidhinisha, na sheria ya 2011 kuhusu teuzi zinazopitia bungeni ikaongeza jambo zuri ambalo Wamarekani hawana kwa namna hiyo: mwananchi yeyote anaweza kuleta hati ya kiapo kueleza kwa nini mteule hafai. Lakini sheria hiyohiyo inasema muda uliowekwa ukiisha kabla Bunge halijamkubali wala kumkataa mteule, basi atahesabiwa ameidhinishwa. Kwa desturi ya Seneti ya zamani, ukimya ulimzuia mteule. Nairobi ukimya unampitisha. Agosti 2024 wateule wa baraza jipya la mawaziri, Aden Duale wa Mazingira akiwemo, walisailiwa mmoja mmoja kwenye kamati, kisha Bunge la Taifa likapitisha ripoti ya kamati. Aliyekataliwa alikuwa mmoja, Stella Soi Lang'at. Na wakuu wa mashirika yenyewe hawafiki huko kabisa. Mkurugenzi mkuu wa NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, hapigiwi kura na wabunge, na wa NEMC, baraza la mazingira la Tanzania, anateuliwa na Rais moja kwa moja. Waliokuwa wakitumia Marekani kama kielelezo cha kudai usaili wa watu hawa, nami nikiwa mmoja wao, wanapaswa kujua kwamba kielelezo chenyewe kinasogea kuelekea tulipo sisi.

Marekebisho hayahitaji kurudisha kura 60 wala saa 30. Bunge la Marekani lingeweza kuihamisha nafasi ya mkuu wa EPA hadi daraja la kwanza kwa mstari mmoja wa sheria, na ulinzi ungerudi wenyewe. Liliwahi kukaribia: mwaka 1993 Seneti ilipitisha mswada wa kuifanya EPA kuwa wizara kamili, lakini Februari 1994 ukakwama katika Baraza la Wawakilishi kwenye kura ya utaratibu wa kuujadili. Bila sheria, kanuni za Seneti zenyewe zingeweza kuweka kikomo cha Klobuchar, majina 10 kutoka kamati moja, na haki ya maseneta kadhaa, tuseme watano, kumtoa mteule yeyote kwenye furushi ili apigiwe kura peke yake. Watano hawawezi kuzuia serikali nzima, ila wanatosha kusema nyaraka zinakuja Jumanne, tusubiri Jumanne.

Zeldin alipigiwa kura kwa jina lake. Jina lijalo likifika Seneti, nitatazama mambo mawili kabla ya kuhesabu kura: ni siku ngapi zimepita kati ya usaili na kura, na kama karatasi iliyowekwa mbele ya maseneta ina jina moja au mia.